"SAUTI YA DHIKI": MSHAIRI KIFUNGONI NA WAJIBU WA CHAMA KINACHOTAWALA

Fasihi si pambo la watu wenye nafasi. Ni chombo cha kuuzindua umma au cha kuulaza. Kwa hiyo kada anaposoma kitabu hapana budi ajiulize: kimetoka katika mazingira gani, kinasimama upande wa nani, na kinamwelekeza msomaji wapi? Kwa maswali hayo tunakichambua hapa kitabu cha Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1973. Wahakiki wengi wamekipima kwa vina, mizani na lahaja. Swali la kisiasa lililomo, yaani chama kinachotawala kimtendeeje mwandishi anayekikosoa, hurukwa mara nyingi.

Mazingira ya kitabu

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Mwaka 1966 Oginga Odinga alitoka KANU akaunda chama cha Kenya People's Union, akiwalaumu viongozi kwamba matunda ya uhuru yanawafikia wachache huku mkulima asiye na ardhi akiendelea kungoja. Abdilatif, kijana wa Mombasa aliyezaliwa 1946, alikuwa mwanachama wa chama hicho. Mwaka 1968 aliandika waraka wa siri ulioitwa Kenya: Twendapi? Akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka mitatu. Oktoba 1969, yeye akiwa tayari gerezani, chama chake nacho kilipigwa marufuku. Alifunguliwa mwaka 1972. Mashairi aliyaandika kwa kificho juu ya karatasi za chooni, nayo yakapenyezwa nje.

Baada ya kufunguliwa alikuja Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1974 kitabu chake kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la kiongozi ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Tuzo hiyo haikufuta kifungo. Inaonyesha kwamba waliokihukumu kitabu waliona ndani yake thamani ambayo waliomhukumu mwandishi hawakuiona.

Maudhui na fani

Katika "N'shishiyelo ni Lilo" mshairi anaeleza msimamo wake: ukweli alioushika hauachi, hata ukimletea mauti. "Mamba" linamsema mtawala anayejiona hafi wala hashindwi. "Jipu" linaeleza uchungu wa kitu kilichoiva ndani ya mwili na ambacho hakina budi kutumbuka. "Mnazi: Vuta N'kuvute" ni majibizano ya ndugu wawili: mmoja yuko juu ya mti, mwingine anadai haki yake katika mali waliyorithi pamoja. Hakuna anayeshindwa kuona kwamba mnazi huo ni nchi yenyewe.

Fani ni ya jadi, yenye vina na mizani ya washairi wa Mvita. Hapa wapo waliodhani kwamba umbo la zamani hubeba mawazo ya zamani tu. Kitabu hiki kinawakanusha. Shairi la kupangwa kwa vina hukaa kichwani, na mfungwa asiyekuwa na karatasi ya uhakika anahitaji utungo unaokaa kichwani.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Kwanza, Kimvita chake kizito humpa taabu msomaji wa bara. Pili, mafumbo yaliyomkinga mshairi na askari humficha pia asieleweke kwa mfanyakazi aliyekusudiwa. Tatu, ushujaa unaosifiwa humu zaidi ni wa mtu mmoja anayestahimili. Nguvu ya umma uliojipanga haionekani sana. Lakini haki inatutaka tukumbuke kwamba mambo hayo aliyasema waziwazi katika waraka, na ndiyo yaliyomfunga.

Je, ni kelele za mabeberu?

Makada wengi husema kwamba kampeni za kuwatetea waandishi wafungwa ni silaha ya mabeberu. Hoja hii isipuuzwe, maana wapo Ulaya wanaolia kwa sauti kubwa juu ya mfungwa wa nchi wasiyoipenda na kunyamaza juu ya mfungwa wa rafiki yao. Lakini tutazame mambo yalivyokuwa. Ngugi wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Desemba 1977 baada ya tamthilia ya Kikuyu iliyochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu. Jack Mapanje, mshairi wa Malawi, alikamatwa 1987 na kuwekwa ndani bila mashtaka mpaka 1991. Aliyemfunga ni Kamuzu Banda, rafiki wa makaburu. Na kamati iliyoundwa London mwaka 1982 kudai wafungwa wa siasa wa Kenya waachiwe, ndani yake walikuwamo Ngugi na Abdilatif wenyewe. Hao si vibaraka wa mtu. Ni wana wa Afrika waliotaka uhuru wetu uwe na maana kwa mvujajasho.

Wala tusitazame nyumba ya jirani tu. Mwaka 1958 mkoloni alimshtaki Mwalimu Nyerere kwa makala yaliyotoka katika Sauti ya TANU, akatozwa faini. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitunga sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Na riwaya ya Haini (2003) ya Shafi Adam Shafi inatukumbusha mateso ya kizuizini Zanzibar baada ya Mzee Karume kuuawa Aprili 1972. Aliyeonja sheria ya mkoloni anapoishika sheria ya namna ileile, mkulima atautambuaje uhuru?

Wajibu wetu

Chama huishi kwa kukosoa na kujikosoa. Mwanachama aliapa kusema kweli daima. Hatuwezi kumfundisha kiapo hicho darasani kisha tukamwadhibu mwandishi anayekitimiza. Mwandishi mwongo ajibiwe kwa hoja, mbele ya umma ule ule aliotaka kuudanganya. Gereza halijibu hoja. Waraka wa Abdilatif uliuliza taifa linakwenda wapi, na kifungo cha miaka mitatu hakikulijibu swali hilo. Vyuo vya Chama visome Sauti ya Dhiki pamoja na Haini, na makada wajizoeze kusikiliza swali kama hilo likiulizwa kwao.