John Small, Fundi wa Gongo Lililonyooka

Katika mji wa Petersfield, kusini mwa Uingereza, John Small alikuwa fundi viatu kabla hajageukia vifaa vya kriketi. Ngozi, uzi na maharazi alikwisha kuvizoea, na mkono huohuo akauhamishia kwenye mipira. Sheria za 1774 zilitaka mpira uwe na uzito wa gramu 156 hadi 163 hivi, kipimo ambacho wanaume wanakitumia hata leo. Kwenye gramu hizo saba ndipo fundi hupimwa: moyo wa mpira ushindiliwe, ngozi ivutwe isilegee, na mshono uhimili kugongwa mchana kutwa.

Magongo nayo aliyachonga. Small alizaliwa 1737, na utotoni mwake gongo la kriketi lilikuwa limepinda mwishoni, kama lile la mpira wa magongo, kwa kuwa mrushaji aliuviringisha mpira ukaja ukisugua nyasi. Baadaye, kufikia miaka ya 1760, warushaji wakazoea kuurusha hewani, bado kwa mkono wa chini, udunde mbele ya mpigaji na kuinuka. Anayefagia chini kwa gongo lililopinda hukuta mpira umeshampita. Likahitajika gongo lililonyooka, na pamoja nalo mtu wa kulitumia. Small anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kulimudu.

Namna yenyewe haina mbwembwe. Gongo husimama wima, uso wake ukiukabili mpira, na mpigaji husubiri mpira udunde ndipo aamue: auzuie ufie miguuni, au ausukume mbali akimbie. Mtazamaji mwenye haraka atapiga miayo. Mimi naona hapo ndipo penye kazi, maana kusubiri mpira unaokujia kwa kasi, miguu ikiwa haina kinga yoyote kama siku hizo, kunataka moyo kuliko kupiga kwa nguvu.

Mei 1775, kwenye uwanja wa Artillery Ground, London, watano wa klabu ya Hambledon, Small akiwemo, walipambana na watano wa Kent. Small aliingia wa mwisho, ikibaki mikimbio 14 ili washinde. Mrushaji alikuwa Lumpy Stevens, bingwa wa kulenga. Wiketi, yaani shabaha ya mrushaji, siku hizo ilikuwa vijiti viwili tu, na kijiti kimoja kimelazwa juu yake. Mara tatu mpira wa Lumpy ulimshinda Small, ukapenya katikati ya vijiti bila kugusa kitu. Small akaendelea, akaipata mikimbio yote 14. Watu waliona mrushaji ameonewa, na baada ya hapo kikaongezwa kijiti cha tatu.

Wengi humkumbuka kwa bahati hiyo, nami naona wanampunja. Mwaka huohuo, akiichezea Hampshire dhidi ya Surrey, alipata mikimbio 136, mia ya mwanzo kabisa inayojulikana katika mechi kubwa. Bahati haikai uwanjani muda wote huo.

Aliendelea kucheza hadi 1798, akiwa na umri wa miaka 61, akafariki siku ya mwisho ya 1826. Muziki aliupenda vilevile. John Nyren, aliyeandika habari za wachezaji wa Hambledon, anasimulia kuwa Duke wa Dorset alimpelekea fidla ya zawadi na kuilipia usafiri. Small naye akamrudishia magongo mawili na mipira ya kazi yake mwenyewe, na nauli ya mzigo akailipa yeye.