Mbwa anayemsaidia kiziwi aitweje?

Majuzi nilikuwa katika hoteli moja sokoni Tulia, Kaunti ya Kitui, nikinywa chai huku runinga ikitoa habari. Ikaja taarifa ya Uingereza kuhusu mbwa waliofunzwa kuwasaidia watu wasioweza kusikia. Msomaji wa habari akawaita "mbwa viziwi." Mzee niliyeketi naye akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, mbwa akiwa kiziwi ataskia mwizi aje?"

Mzee alikuwa ameona kosa ambalo mhariri hakuliona. Nomino mbili zikiandamana katika Kiswahili, aghalabu ya pili hueleza ya kwanza ni ya namna gani. Mtoto kiziwi ni mtoto asiyesikia. Kwa kanuni hiyo hiyo, mbwa kiziwi ni mbwa asiyesikia. Kudondosha kihusishi "wa" kumegeuza maana nzima.

Je, tukikirejesha tuseme "mbwa wa viziwi"? Sarufi itakuwa sawa ila maana bado haijatimia. Mbwa wa Mutua ni yule anayelinda boma la Mutua. Hatujaambiwa kwamba amefunzwa kazi yoyote ya ziada.

Wapo wanaopendekeza "mbwa wa kusikia," na hoja yao si haba. Tunasema "mbwa wa kunusa" kwa wale wanaosaka dawa za kulevya na pembe za ndovu kwenye viwanja vya ndege. Tatizo ni kwamba kitenzi "sikia" kina maana ya pili: kutii. Mzazi akilalamika kwamba mwanawe "hasikii," hazungumzii masikio. Wahenga nao walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hivyo "mbwa wa kusikia" au "mbwa msikivu" atadhaniwa kuwa mbwa mtiifu tu.

Isitoshe, kila mbwa mzima husikia. Ngiti wa kawaida wa Ukambani akisikia hodi hubweka, na kubweka hakumfai kiziwi. Huyu aliyefunzwa humgusa mwenyewe kwa pua au kwa mguu, kisha humwongoza hadi penye sauti: mlangoni, kwa mtoto anayelia, au kwenye saa ya kumwamsha. Uingereza ina shirika la kuwafunza mbwa hao tangu 1982. Kiini cha kazi yao, basi, ni usaidizi.

Pendekezo langu ni "mbwa msaidizi wa kiziwi." Muundo wake tunao tayari katika "mwalimu msaidizi" na "katibu msaidizi." Unapanuka pia bila taabu: mbwa msaidizi wa kipofu, mbwa msaidizi wa mtu anayetumia kiti cha magurudumu.

Najua kuna watakaoshtuka kwamba nimeandika "kiziwi," wapendelee "mtu asiyesikia." Hapo tena tunarudi kwa yule mtoto mkaidi. Tanzania kuna Chama cha Viziwi Tanzania, maarufu kama CHAVITA. Wenyewe wamejiita hivyo bila haya. Neno la kuepukwa ni "bubu" kwa maana ya kiziwi. Anayezungumza kwa Lugha ya Ishara ya Kenya si bubu. Lugha hiyo ni mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge kwa mujibu wa Kifungu cha 120 cha Katiba.

Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hilo si la mahakamani pekee. Fikiria kiziwi amefika kwenye benki mjini Wote au Kitui akiwa na mbwa wake. Kwetu mbwa hulala nje, naye bawabu anajua hivyo. Akiwa amezoea kusikia "mbwa viziwi" redioni, atacheka na kuwafukuza wote wawili. Akiwa amesikia "mbwa msaidizi," huenda akauliza kwanza: anasaidia nini?

Nilimweleza mzee haya yote. Akatikisa kichwa, akasema, "Sasa hiyo imeingia. Kwani hao wa runinga hawangeuliza kiziwi mwenyewe?"

Wahariri wetu walijibu swali hilo kabla ya taarifa nyingine kama hiyo.