Wepesi wa Matamshi ya Kijapani kwa Msemaji wa Kiswahili: Uhakiki wa Dai Moja

Miongoni mwa madai yanayosikika mara kwa mara katika mijadala ya ufundishaji wa lugha za kigeni ni lile lisemalo kuwa matamshi ya Kijapani ni mepesi kwa msemaji wa Kiswahili. Hoja zinazotolewa kuliunga mkono ni mbili. Ya kwanza ni kwamba lugha zote mbili zina irabu tano, nazo ni a, e, i, o na u. Ya pili ni kwamba silabi za lugha hizi kwa kawaida huishia kwa irabu, hata maneno kama sakana (samaki), yama (mlima) na inochi (uhai) yakaweza kusomwa na mwanafunzi wa Nairobi au Mombasa siku ya kwanza pasipo kigugumizi. Hoja zote mbili ni za kweli. Lenye kasoro ni hitimisho linalojengwa juu yake. Kasoro hiyo si ndogo, kwani mwanafunzi huambiwa kuwa hana la kujifunza mahali pale pale ambapo ana mengi ya kujifunza.

Dai hili limetokana na desturi ya kulinganisha lugha kwa kuorodhesha sauti zake. Sauti zilizomo katika lugha zote mbili huhesabiwa kuwa nyepesi, na zile zilizomo katika lugha ya kigeni peke yake huhesabiwa kuwa ngumu. Desturi hii ilipata nguvu baada ya Robert Lado kuchapisha kitabu chake cha kulinganisha lugha na tamaduni mwaka 1957. Hata hivyo, kabla ya hapo, katika kitabu chake cha fonolojia cha mwaka 1939, N. S. Trubetzkoy alikwisha kuufananisha mfumo wa sauti za lugha mama na chekecheo: msikilizaji hupitisha ndani yake kila neno la kigeni alisikialo, na kinachobaki ni kile tu ambacho chekecheo chake kimezoea kukipokea. Naye James Flege, katika nadharia yake ya mwaka 1995, alieleza kuwa sauti ngeni kabisa yaweza kujifunzwa vyema kuliko sauti inayofanana na ya kwetu, kwa sababu ile inayofanana hupokewa kama kwamba ndiyo yetu. Kwa mujibu wa maelezo haya, ukaribu wa Kiswahili na Kijapani ni sababu ya kuongeza tahadhari, wala si sababu ya kuilegeza.

Wakati kama sehemu ya neno

Tofauti kubwa baina ya lugha hizi mbili haimo katika orodha ya sauti. Imo katika namna wakati unavyogawanywa. Neno la Kijapani hupimwa kwa vipande vya wakati ambavyo wanaisimu huviita mora, na Wajapani wenyewe huviita haku, yaani pigo. Irabu fupi, pamoja na konsonanti inayoitangulia, ni pigo moja. Irabu ndefu ni mapigo mawili. Nazali inayofunga silabi ni pigo moja peke yake, na nusu ya kwanza ya konsonanti iliyokazwa nayo ni pigo moja. Kwa hesabu hiyo jina la mji mkuu, Tokyo, ambalo Mswahili hulitamka kwa silabi mbili au tatu, lina mapigo manne: to-o-kyo-o. Osaka nalo lina manne: o-o-sa-ka.

Kiswahili kinao urefu wa irabu, na tofauti ya kufa na kufaa, au ya kupa na kupaa, hakuna asiyeisikia. Lakini katika jozi hizi urefu hauji peke yake. Mkazo nao huhama, kwa kuwa hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la Mswahili huufuata mkazo huo. Aidha, silabi yenye mkazo katika Kiswahili hurefuka kidogo hata pale ambapo haikuandikwa kwa irabu mbili. Katika Kijapani urefu husimama peke yake, bila kutegemezwa na mkazo wowote, nao hutenga maana.

Matokeo yake si ya kinadharia tu. Neno obasan hutumiwa kumtaja au kumwita shangazi au mama wa makamo, na obaasan ni nyanya au bibi kizee. Mwanafunzi aliyezoea mkazo wa Kiswahili huukaza ba wa neno la kwanza, na kwa kuukaza huurefusha. Basi mama wa makamo aliyekusudiwa kuamkiwa kwa heshima huongezewa umri wa kizazi kizima. Kwa njia hiyo hiyo biru (jengo) hugeuka biiru (bia), yuki (theluji) hugeuka yuuki (ushujaa), na toru (kuchukua) hugeuka tooru (kupita). Jambo la kutia shaka zaidi ni kwamba mwanafunzi mwenyewe hasikii kosa lake, kwa sababu sikioni mwake irabu zote ni zile zile tano alizoahidiwa.

Nazali na konsonanti iliyokazwa

Mfano wa pili upo barabarani kote Afrika Mashariki. Jina Honda katika kinywa cha Mswahili lina silabi mbili, ho-nda, kwa kuwa nd huambatana na irabu inayofuata kama katika panda na kanda. Mjapani hulipa mapigo matatu: ho-n-da. Nissan, ambalo kwetu mara nyingi huwa Nisani lenye silabi tatu, lina mapigo manne: ni-s-sa-n. Aliyeyazoea majina haya tangu utotoni huamini kuwa anayajua, na imani hiyo ndiyo humzuia kuyasikiliza.

Isisahauliwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili kinayo nazali inayosimama peke yake. Mbuni aliye ndege hutamkwa kwa silabi mbili, mbu-ni, na mbuni ulio mti wa buni hutamkwa kwa silabi tatu, m-bu-ni. Kwa hiyo uwezo wa kuipa nazali wakati wake mwenyewe haupungui kwa Mswahili. Kinachopungua ni mazoea ya kuutumia katikati na mwishoni mwa neno. Asipoupata, atashindwa kupambanua kinen (ukumbusho) na kin'en (kutovuta sigara), kwa kuwa katika neno la pili nazali ni pigo lake yenyewe na haiungani na irabu inayoifuata.

Kuhusu konsonanti iliyokazwa, jozi inayotajwa sana ni kite (njoo) na kitte (stempu), pamoja na saka (mteremko) na sakka (mwandishi). Haitoshi kumwambia mwanafunzi aitamke t kwa nguvu. Nguvu siyo inayotakiwa. Ulimi hupaswa kufika mahali pake, ukakaa hapo kwa muda wa pigo moja zima, kisha ndipo uachie. Kukaza bila kungoja hakuzalishi neno lililokusudiwa.

Mkazo na kidatu

Jambo la tatu ni kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni, na mkazo wake hukaa mahali pamoja takriban katika maneno yote. Katika Kijapani cha Tokyo, mahali pa sauti kushuka hutofautiana kutoka neno hadi neno. Hashi yenye sauti ya juu mwanzoni, kisha ya chini, ni vijiti vya kulia. Hashi inayopanda, kisha sauti ikashuka katika kiambishi kinachofuata, ni daraja. Inayopanda bila kushuka ni ukingo. Ame inayoshuka ni mvua, na inayopanda ni peremende. Mswahili anayefuata kanuni ya lugha yake atataja vijiti siku zote na hatataja daraja kamwe. Katika maneno ya mapigo matatu ataipandisha sauti katikati kila mara. Kwa neno anata (wewe) atakuwa sahihi kwa bahati. Kwa sakana na inochi atakosea, kwa kuwa la kwanza hupanda na halishuki, na la pili huanzia juu.

Huenda ikapingwa kwamba kidatu si cha lazima, kwa kuwa Wajapani wenyewe hawakubaliani. Ni kweli kwamba Kyoto na Osaka vidatu vya daraja na vijiti ni kinyume cha vile vya Tokyo, na kwamba ziko sehemu, kama vile katika Ibaraki na Miyazaki, ambako kidatu hakitengi maneno. Ni kweli pia kwamba muktadha huondoa utata mwingi. Pingamizi hili lina uzito, lakini linalothibitisha ni kwamba kidatu kifuate baada ya wakati. Halithibitishi kwamba kiachwe. Msemaji wa Osaka ana utaratibu wake ulio kamili. Mgeni anayeweka mkazo wa Kiswahili juu ya kila neno hana utaratibu wa mji wowote wa Japani, na mkazo huo huo ndio unaomharibia urefu wa irabu.

Mchango wa maandishi katika upotofu huu

Sehemu ya lawama ni ya maandishi. Hati ya Kirumi itumiwayo sana kuandikia Kijapani huitwa kwa jina la James Curtis Hepburn, mmisionari na tabibu wa Kimarekani ambaye kamusi yake ilitoka mara ya kwanza mwaka 1867. Tahajia ya Kiswahili nayo ilijengwa na wamisionari wa zama hizo hizo, akiwamo Edward Steere, ambaye kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870. Kanuni iliyofuatwa kote kuwili ni moja: konsonanti zikaribie za Kiingereza, irabu zikaribie za Kiitaliano. Ndiyo maana Mswahili husoma sh, ch, j na y za Kijapani bila kufundishwa. Lakini hati hiyo huonyesha urefu kwa kistari juu ya irabu, na kistari hicho huangushwa mara nyingi katika magazeti, ramani na majina ya watu. Macho huona herufi zilizozoeleka, na wakati hupotea.

Eleanor Jorden, katika Beginning Japanese ya miaka ya 1962 na 1963, aliandika Tookyoo kwa irabu maradufu na kuonyesha kidatu kwa alama. Kitabu chake kiliandikwa kwa ajili ya Wamarekani, lakini desturi hiyo ya irabu maradufu humfaa Mswahili zaidi, kwa kuwa ndivyo anavyoandika choo na jaa. Kufaa zaidi ni hati ya kana, ambamo nazali ya mwisho, nusu ya konsonanti iliyokazwa na urefu wa irabu, kila kimoja hupewa alama yake. Kuichelewesha kana kwa kisingizio cha wepesi ni kumficha mwanafunzi hesabu ya lugha anayojifunza.

Sauti moja moja hazina budi kutajwa, ingawa baada ya hayo. U ya Kijapani cha Tokyo haichongolewi midomo kama ya Kiswahili. Fu hutolewa kwa midomo miwili, si kwa meno na mdomo. I na u zikiwa baina ya konsonanti zisizo na ghuna hufifia, kama katika suki, lakini pigo lake hubaki. Tsu, inayotajwa kuwa ngumu, si ngeni kwa Mgiriama asemaye tsano kwa maana ya tano.

Nyenzo zilizopo

Mfano huu wa mwisho unafichua upungufu mwingine wa dai linalohakikiwa. Linamchukulia mwanafunzi wa Afrika Mashariki kana kwamba ana lugha moja tu. Mganda hutofautisha okuta (kuachilia) na okutta (kuua), na kwake kitte haiwi kitendawili. Wasemaji wa Kikuyu na wa Kidholuo wana toni katika lugha zao, nao hawawezi kuambiwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti ni jambo geni. Mwanafunzi aliyepitia chuoni Lamu au Mombasa amefundishwa kuvuta madda kwa hesabu na kuikalia herufi yenye shadda. Maarifa haya huingia darasani pamoja na mwanafunzi, lakini hayaulizwi, kwa kuwa mwalimu ameshika kitabu kilichotungwa kwa ajili ya msemaji wa Kiingereza.

Juu ya yote, Kiswahili chenyewe kinacho kipimo kilicho karibu mno na mora, nacho ni mizani ya mashairi. Katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954, K. Amri Abedi aliziandika kanuni ambazo washairi walikuwa wakizifuata tangu zamani. Kwa hesabu ya mizani mtu ni mbili, kaa ni mbili, na kufaa ni tatu. Haiku ya Kijapani nayo hupimwa kwa mapigo matano, saba na matano, na nazali ya mwisho huhesabiwa kamili. Mizani haitoshi peke yake, kwani ingeihesabu Honda kuwa mbili na haina nafasi ya konsonanti iliyokazwa. Lakini aliyezoea kuhesabu mizani kwa vidole hahitaji nadharia mpya ili aelewe mora. Anahitaji kuonyeshwa mahali pawili ambapo hesabu yake yapasa kuongezwa.

Utaratibu unaofaa, basi, ni huu: wakati ufundishwe kwanza, kwa kupiga mapigo na kwa kana, kidatu kifuate, na sauti moja moja zirekebishwe kadiri zinavyojitokeza. Irabu tano zibaki kuwa faida, kama zilivyo kweli, mradi zisiitwe matamshi. Mwanafunzi anayeanza kwa kuambiwa kuwa Kijapani ni chepesi hufika kwa haraka mahali ambapo kila neno lake linatambulika na nusu ya maana zake zimekosewa, na kutoka hapo ni vigumu kumrudisha.