Sarafu za Kisimani na Lugha ya Mali za Kidijitali

Ras Kisimani iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, ikielekea milango ya mto Rufiji. Mji uliokuwapo hapo zamani, sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari. Katika mabaki yake zimepatikana sarafu nyingi za shaba za masultani wa Kilwa. Bwana Freeman-Grenville alizichungua na kuziandikia, na Bwana Neville Chittick, aliyefukua mahali hapo, alitoa taarifa yake mwaka 1961. Wanahistoria wamezitumia sarafu hizo kupanga zamu za wafalme. Makala hii yazitazama kwa shauri jingine. Yazisoma kama maandishi, ili tupate kipimo cha kuyapimia maneno ambayo Kiswahili cha leo kinayatumia kwa mali za kidijitali: "sarafu mtandao", "mali pepe" na "tokeni".

Sarafu ya Kilwa ni ndogo, na maneno yake ni machache. Upande mmoja una jina la sultani na la baba yake. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na katika nyingi limo neno la Kiarabu yathiqu, yaani "ategemea". Pande hizo husomwa pamoja: sentensi huanzia huku ikaishia kule, na vina vyake hupatana. Sarafu hizo za shaba hazitaji mwaka wala mji zilikopigwa. Hata hivyo mwenye kuishika moja alipewa habari mbili, nani ameitoa na mtoaji huyo ategemea nini.

Shaba yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Biashara ya ng'ambo ilikwenda kwa dhahabu, pembe na nguo. Vipande vya shaba vilifaa kwa matumizi ya karibu, na vilifaa maadamu jina lililoandikwa juu yake liliheshimiwa. Leo shaba ingalipo na maandishi yangali yasomeka, lakini hapana duka Kilindoni litakaloipokea. Ahadi ndiyo iliyokufa. Wala si ajabu kwamba "sarafu" na "sarufi" zatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kugeuza, kwa kuwa mvunja fedha na mwanasarufi wote wawili hutafuta kujua kitu kimegeuka kuwa nini, na kwa kanuni gani. Swali hilo ndilo tunalotaka kuyauliza maneno mapya.

Tuanze na "sarafu mtandao". Jina hili lilipewa kwanza bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, ambayo haina mtoaji wa kutajwa. Imesimama juu ya kanuni za hesabu na juu ya daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kwa kipimo cha Kisimani, upande wa kwanza wa sarafu hii ni mtupu. Benki Kuu ya Tanzania iliona hatari hiyo, na katika tangazo lake la Novemba 2019 ikawaonya wananchi kwamba sarafu za namna hii si fedha halali nchini. Mwezi Juni 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Basi kitu kilichokataliwa kuwa fedha kilikubaliwa kuwa mali ya kutozwa kodi. Huenda hekima ikawamo katika utaratibu huo, lakini yafaa tutambue kwamba mtoza kodi alikipatia kitu hicho jina kabla ya sheria mahususi ya kumlinda mnunuzi.

Neno la pili ni "pepe", ambalo siku hizi hutumiwa kwa mambo ya kompyuta yasiyoshikika kwa mkono. Mkulima wa mpunga wa Rufiji alijua pepe kabla ya kompyuta kuwapo: ni punje isiyo na kitu ndani, ambayo mwanamke akipepeta huirusha nje ya ungo. Kumwambia mtu kwamba mali yake ni "pepe" ni kumhukumia kesi yake kabla haijasikizwa. Zipo mali za kidijitali zilizo tupu kweli, na zipo zenye punje. Jina linalozitia zote katika fungu la makapi halimsaidii msomaji kuzipepeta.

Neno la tatu, "tokeni", ndilo zito kuliko yote, kwa sababu tayari lina makao. Kila nyumba ya Tanzania yenye mita ya LUKU yaijua tokeni: ni tarakimu 20 anazopewa mtu akilipia umeme, naye akaziingiza katika mita yake. Tokeni hiyo hufaa mita moja tu, tena mara moja tu. Mtu hawezi kuiuza kesho kwa bei ya juu, wala kuiweka rehani, wala kuirithisha. Tokeni ya soko la fedha ni kinyume chake, maana hupita mkono hata mkono, hugawanyika vipande, na bei yake hupanda na kushuka. Mtu aliyezoea ile ya kwanza akishawishiwa kununua ya pili, hudhani amelipia kitu kinachojulikana na kwamba mwenye kukitoa yupo ofisini. Huenda amenunua hisa, au amana, au ahadi isiyo na mwenyewe, na neno alilosikia ni lile lile.

Kwamba hatari hii si ya kubuni, laonyesha anguko la Terra mwezi Mei 2022. Sarafu yake iliyosifiwa kuwa na thamani tulivu ya dola moja ilitegemea tokeni nyingine ya mtoaji yule yule. Upande wa pili wa sarafu ulirudia jina la upande wa kwanza. Imani ilipotikisika zote mbili zilianguka kwa siku chache, na akiba za watu wengi duniani zikapotea.

Hata hivyo lugha yetu haiko mikono mitupu. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, ambayo wakulima wa korosho wa kusini walianza kuitumia mwaka 2007, imekwisha kutuzoeza jambo lenyewe. Mkulima huweka korosho ghalani, hupewa stakabadhi yenye kutaja uzito na daraja, na hati hiyo yaweza kuwa dhamana ya mkopo wakati korosho zimetulia mahali pake. Kuwekea mali tokeni ni kazi ya jinsi hiyo hiyo, ila hati imehama kutoka karatasi kwenda daftari la kompyuta. Na neno "stakabadhi" ni la mzizi mmoja na "kabidhi", kwa hiyo ndani yake mna watu wawili, aliyetoa na aliyepokea, na wote wawili waweza kuulizwa.

Hapa ndipo suala la lugha linapokutana na riziki za watu. Katika soko la hisa la desturi, kama lile la Dar es Salaam lililoanza biashara mwaka 1998, uuzaji hupitia kwa madalali, kwa mtunza daftari na kwa benki, na siku hupita kati ya kuafikiana na kukabidhiana. Makarani hulinganisha daftari na daftari. Daftari likiwa moja kwa wote, hisa na fedha zikahama kwa wakati mmoja, sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kulinganisha haina haja tena. Vijana wanaosomea uhasibu leo katika Chuo cha Usimamizi wa Fedha hawana budi kulijua hilo. Lakini kompyuta haiingii ghalani kuhesabu magunia. Kampuni ya BlackRock ya Marekani ilipoanzisha mfuko wake wa tokeni mwezi Machi 2024, mali iliyokuwa nyuma ya tokeni hizo ilikuwa fedha taslimu na hati za deni la serikali, zenye mtunzaji wake na mkaguzi wake. Kwa hiyo kazi inayokua thamani ni ya mtu anayeweza kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kipo, ya mtunza funguo za siri ambazo zikipotea mali imepotea, na ya mwanasheria anayeweza kusema ni haki gani iliyouzwa. Wote hao watafanya kazi kwa maneno.

Nao wasimamizi wanahitaji maneno hayo hayo. Kenya ilipotunga mwaka 2025 sheria ya watoa huduma za mali hizi, usimamizi uligawanywa kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mgawanyo wa namna hiyo hauwezekani bila kwanza kutambua kitu ni cha aina gani. Na Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Hakimu atakayeletewa kesi ya tokeni hatakuwa na mahali pa kujificha nyuma ya Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba "tokeni" ni neno la dunia nzima, na kwamba Kiswahili kilichokopa hundi, benki na shilingi hakina sababu ya kuogopa mkopo mmoja zaidi. Hoja hiyo ni ya haki, wala mwandishi hataki neno lifukuzwe. Linalotakiwa ni kwamba lisitembee peke yake. Na isemwe "tokeni ya hisa", "tokeni ya amana", "tokeni ya stakabadhi", na ile isiyosimamia kitu iitwe wazi "tokeni isiyo na dhamana". Hata "dhamana" yataka uangalifu, kwa kuwa katika jina la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ina maana ya hati za mtaji, na kwa mkopaji ina maana ya kitu alichoweka rehani. Mtunga sheria aeleze kila mara ni ipi anayoikusudia.

Waundaji wa istilahi, na watafsiri wa sheria pamoja nao, wangefanya vema kuchukua kipimo cha sarafu ya Kisimani: jina lolote la mali ya kidijitali litakalopitishwa limwezeshe mnunuzi kuuliza ni nani ametoa, na ametegemea nini. Jina lisilomwezesha kuuliza hayo lirudishwe kwa waliolileta, likafanyiwe kazi upya.