Madai ya kufufua taamuli asilia ya Budha yana walakini

Hakuna neno linalouza siku hizi kama neno 'asilia'. Asali ni asilia, dawa ni asilia, mafuta ya nywele ni asilia, na hata Kiswahili kina watu wanaodai kukizungumza katika hali yake asilia, kana kwamba lugha ni maji ya kisima kilichofunikwa. Neno hilo limeingia pia katika taaluma ya dini. Kwa zaidi ya miaka mia moja, walimu mbalimbali wa Ubudha wamedai kuwa wameivumbua upya, au wameihifadhi bila doa, taamuli ile ile aliyoifundisha Budha mwenyewe kule India ya kale.

Leo nataka tuyapige darubini madai hayo. Mimi si mfuasi wa dini hiyo, wala sina ugomvi na anayeifuata. Ninachokiona ni kwamba suala hili, kimsingi, ni la uhakiki wa matini na la tafsiri, na hapo mwanaisimu na mwanafasihi wana la kusema.

Tuanze na matini. Budha hakuandika chochote. Mafundisho yake yalipokezanwa kwa mdomo kwa karne kadhaa, na kwa mujibu wa mapokeo ya Sri Lanka yaliandikwa kisiwani humo katika karne ya 1 kabla ya Kristo, kwa lugha ya Kipali. Madhehebu mengine yalikuwa na mikusanyo yao, na baadhi yake ilitafsiriwa kwa Kichina mwishoni mwa karne ya 4 baada ya Kristo. Sisi tuliosomea tenzi na fasihi simulizi tunaijua vyema hali ya namna hii. Nani miongoni mwetu anaweza kula yamini kwamba anayo maneno yenyewe yaliyotoka kinywani mwa Fumo Liyongo? Tuna masimulizi, tuna miswada, na tuna tofauti baina ya mswada na mswada.

Sasa tutazame matini inayotajwa sana na wadai hawa, yaani Satipatthana Sutta. Mtawa na msomi Mjerumani, Bhikkhu Analayo, ameilinganisha nakala ya Kipali na nakala mbili za Kichina. Katika sehemu inayohusu kuuzingatia mwili, nakala ya Kipali inaanza na pumzi. Nakala mojawapo ya Kichina haina pumzi kabisa katika sehemu hiyo. Yaliyomo katika nakala zote tatu ni mambo matatu: kuzingatia viungo vya mwili, kuzingatia elementi zinazouunda mwili, na kuzingatia maiti inavyooza.

Hebu fikiria. Ikiwa 'asilia' maana yake ni kile ambacho mashahidi wote wanakubaliana, basi anayetafuta taamuli asilia katika matini hii angepaswa kuketi akiwaza nywele, kucha, meno, nyongo na mzoga wa binadamu. Mimi sijaona tangazo linalowaalika watu wakae siku kumi wakitafakari maiti! Lakini tusiteleze upande wa pili. Zipo matini nyingine kongwe zinazofundisha taamuli ya pumzi kinagaubaga, Anapanasati Sutta ikiwa mojawapo, kwa hiyo si haki kusema kwamba pumzi ilizuliwa baadaye. Ninachosema ni kwamba kila mwalimu amechagua, na kuchagua si sawa na kuvumbua.

Ushahidi wa uchaguzi huo uko Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Mahasi Sayadaw (1904–1982) aliwafundisha wanafunzi wake kufuata kupanda na kushuka kwa tumbo mtu anapopumua, huku wakitaja kimoyomoyo kila kinachotokea. U Ba Khin (1899–1971), aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma, alifundisha kupitisha fikira mwilini, kutoka utosini hadi nyayoni, na kuangalia kila hisi. Mwanafunzi wake, S. N. Goenka (1924–2013), aliipeleka njia hiyo India mwaka wa 1969, na kutoka huko ikaenea duniani kwa mafunzo ya siku kumi. Goenka alisisitiza kuwa njia hiyo ni ya Budha mwenyewe, kwamba ilipotea India na kuhifadhiwa Burma na mnyororo wa walimu. Wafuasi wa Mahasi nao wanaegemea Satipatthana Sutta ile ile. Njia mbili tofauti, matini moja, na kila upande una hakika. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Je, huo mnyororo unafika wapi? Ukiufuata nyuma kutoka kwa U Ba Khin, unapita kwa Saya Thetgyi, aliyekuwa mkulima, kisha unamfikia Ledi Sayadaw (1846–1923). Mwanahistoria Erik Braun ameandika kitabu kizima kumhusu mtawa huyo, *The Birth of Insight*, kilichotoka mwaka wa 2013. Anaonyesha kuwa taamuli kama jambo la umma lilichipuka katika mazingira ya ukoloni. Mnamo 1885 Waingereza walimwondoa mfalme Thibaw, na dini ikapoteza mlezi wake mkuu. Wabudha wa Burma waliingiwa na hofu kwamba dini itakufa. Ledi akazunguka nchini, akaandika vitabu kwa lugha nyepesi, mitambo ya uchapishaji ikavisambaza, naye akawahimiza raia wa kawaida wasome falsafa na kutaamali, kazi ambayo hapo awali ilionekana kuwa ya watawa wachache.

Kwangu mimi, hii ni habari nzuri. Watu waliotawaliwa walitafuta silaha katika maktaba yao wenyewe, na wakaipata. Mkulima na mhasibu wakawa walimu wa mambo ambayo awali yalikuwa ya watawa. Kwani kuna aibu gani kukiri kwamba jambo hili ni la karne ya 19 na ya 20, na kwamba lilijengwa kwa mawe ya kale? Nyumba mpya iliyojengwa kwa mawe ya kale bado ni nyumba, na watu wanaishi humo.

Tatizo ni kwamba dai la uasilia lina gharama, na wanaoilipa si wale wanaolitoa. Nikisema changu ndicho asilia, maana yake chako kimeharibika. Kule Kambodia, Laos, Thailand na Sri Lanka kulikuwa na mapokeo ya taamuli ambayo wasomi huyaita *boran kammatthana*. Neno *boran* lina maana ya 'kale'. Taamuli hiyo ilitumia silabi takatifu, taswira za nuru, na safari ya ndani ya mwili, na ilipitishwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. François Bizot aliichunguza Kambodia katika karne iliyopita, na Kate Crosby ameeleza katika kitabu chake cha 2013 jinsi ilivyosukumwa pembeni. Warekebishaji wa dini waliiona kama uchafu usiomo katika vitabu, na wasomi wa Ulaya, waliouthamini Ubudha wa kwenye miswada kuliko wa kwenye mahekalu, wakaitikia. Kisha Khmer Rouge wakaja, 1975 hadi 1979, wakawamaliza watawa. Kwa hivyo taamuli iliyoitwa ya kale na watu wake wenyewe ilitupwa kwa sababu haikuwa 'asilia'. Mzee wa hekaluni aliyekuwa ameihifadhi kichwani alikufa nayo. Hasara ya namna hiyo hairudishwi na mafunzo ya siku kumi.

Jambo la mwisho ni neno lenyewe. Kiini cha taamuli hii ni neno la Kipali *sati*. Mzizi wake unahusiana na kukumbuka, na dada yake katika Kisanskriti ni *smriti*. Matini kongwe zinamweleza mwenye *sati* kuwa mtu anayekumbuka yaliyotendwa na kusemwa zamani. Mwaka wa 1881, T. W. Rhys Davids, Mwingereza aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule Ceylon, alilitafsiri kwa neno la Kiingereza lenye maana ya uangalifu. Tafsiri hiyo ikashika. Baadaye, hasa kupitia mipango ya hospitali ya kupunguza msongo wa mawazo, ikapunguzwa tena hadi ikawa kuzingatia wakati uliopo bila kuhukumu. Kumbukumbu ikachujwa. Maadili nayo yakachujwa, ilhali *sati* katika Njia ya Mambo Manane inaandamana na kauli njema, matendo mema na riziki ya halali.

Sisi waandishi wa Kiswahili tunalipokea neno hili kupitia Kiingereza na kuandika 'umakinifu'. Hatukosei sana, ila tunatafsiri tafsiri. Lugha yetu inayo njia ya mkato. Tunalo neno 'dhikiri', lililotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukumbuka na kutaja. Mswahili wa pwani haoni ajabu kwamba kukumbuka kunaweza kuwa ibada inayokusanya moyo na pumzi. Sipendekezi *sati* iitwe dhikiri, kwa kuwa dhikiri ni ya kumtaja Mungu, na kila dini ina heshima yake. Ninapendekeza tusiogope 'ukumbukaji'. Ni neno letu, linaeleweka, na liko karibu zaidi na mzizi wa Kipali kuliko lile tulilokopeshwa.

Anayetaka kutaamali na ataamali, na akipata utulivu ashukuru. Manufaa ya taamuli hayahitaji cheti cha uasilia. Lakini anaposimama mtu na kudai kuwa yeye pekee amekifukua alichokisema mwalimu aliyeishi karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa maneno yake, tumuulize maswali matatu ambayo ningemuuliza mwanafunzi wangu yeyote wa uhakiki: Umeegemea nakala ipi? Umeacha nini? Na ni nani aliyenyamazishwa ili sauti yako isikike?