Habari za Wakilindi, na Nani Amzuiaye Mtawala



Kitabu nitakacho tukitazame mara hii wengi mmekisikia na wachache mmekisoma. Ni Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mtu wa pwani aliyekaa Usambara na watawala wake hata akawajua wa nyumbani na wa barazani. Kilianza kutoka sehemu sehemu tangu miaka ya 1890, kisha Bwana J. W. T. Allen akakitengeneza, kikachapwa Nairobi kwa jalada moja mwaka 1962. Watu hukijua kama hekaya tu: Mbegha na mbwa wake, Mbegha na nguruwe mwitu, Mbegha na simba. Mtoto akichekeshwa na hayo kitabu hufungwa. Nami nasema afungaye hapo amekula ganda akatupa tunda. Kwani hadithi ya kweli haijaanza bado, nayo ni hii: mtawala akiharibika, nani amzuie?

Sisi tukaao huku Amani tuko mahala pa kuliona swali hilo kwa macho. Magharibi, ng'ambo ya bonde la Lwengera, ndiko Vugha, kilipokuwa kiti cha Simba Mwene. Chini yetu, kuelekea bahari, ni Bonde, nchi ya Muheza na Magila, ambayo iliukataa ufalme ule kwa silaha.

Mbegha hakuja na jeshi. Alitoka Unguu, amenyimwa urithi na jamaa zake kwa kuwa ni kigego, meno yake ya juu yalitangulia kuota. Wasambaa walimpokea kwa sababu aliwapa nyama, na kwa sababu walipompelekea mashauri yao aliyakata kwa haki. Angalia basi asili ya ufalme: ni maagano. Na Wasambaa walijua hivyo. Wao walisema mtawala ana mambo mawili tu, ama kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, ama kubana shi, kuiharibu. Siku ya kumtawaza mfalme mpya raia walimwambia uso kwa uso kwamba nchi ni yako na sisi ni wako, lakini usipotutendea vyema tutakuondoa. Hapakuwa na Bunge wala karatasi. Palikuwa na ulimi, na mfalme akausikia kabla hajakaa.

Sasa tazama jinsi agano lilivyooza. Kimweri ye Nyumbai alitawala miaka mingi, akawagawia wanawe vijiji na nchi, hata ikawa kila mlima una mtoto wa mfalme wa kulishwa. Alipofariki mwaka 1862 kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, naye alikuwa kijana. Ami yake Semboja alikuwa Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, na mwenye kukaa njiani ndiye mwenye bunduki na baruti. Semboja akamtoa kijana Vugha, akamweka hapo mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu. Bunduki zilitaka pembe, au zilitaka watu. Wakilindi waliotawala Bonde wakawa hukamata raia kwa kesi ndogo, huyu kwa deni, yule kwa uchawi, na mkamatwa huuzwa. Hata Wabondei wakakutana, wakaapa, wakainuka. Ndiyo Kiva, mwishoni mwa miaka ya 1860. Wakilindi waliuawa, na waliosalimika wakakimbia.

Liajjemy ayasimulia hayo kwa Kiswahili safi, sentensi fupi, kila mtu anasema kwa kinywa chake, na mashauri ya barazani uyasikia kama uko mkekani. Katika hilo sijui wa kumpita. Lakini yeye ni mtu wa nyumba ya mabwana. Aweza kukuhesabia nani alizaliwa na nani na nani alipewa nchi gani, kurasa kwa kurasa, hata uchoke. Mkulima aliyechukuliwa binti yake apita mara moja kama kivuli. Ukweli hauficha, nampa haki yake. Ila hukumu huimeza.

Na jambo moja simwachii. Wale waliouzwa walishuka Pangani na Tanga. Akawanunua nani? Walinunuliwa na watu wa pwani, watu wa mji, watu wa msikiti. Soko la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Mwandishi, naye ni wa kwetu, alipita hapo kwa mwendo wa haraka, na sisi wasomaji wake twapenda kupita naye. Dhalimu wa mlimani alikuwa na mteja wake baharini.

Je, Kiva iliponya nchi? Iliondoa wabaya, haikuweka mahali pao kitu cha kuwazuia wengine. Vita na kuuzana viliendelea, mpaka Mdachi akaja. Mwaka 1895 Wadachi walimnyonga Mputa, mfalme wa Vugha. Tafakari: hukumu ya Simba Mwene ikatoka katika kinywa cha mgeni, kwa kamba ya mgeni, kwani wenyewe walikuwa hawana tena baraza la kumhukumu.

Ndipo nisomapo Katiba yetu naisoma pamoja na kitabu hiki. Ibara ya 46A iliingizwa mwaka 1992, zama za Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu. Yasema Bunge laweza kumshtaki Rais akivunja Katiba au Sheria ya Maadili ya Viongozi, au akiwa na mwenendo wa kudhalilisha kiti chake. Hoja itakiwa na saini za wabunge wasiopungua asilimia 20. Kamati ya uchunguzi huongozwa na Jaji Mkuu, pamoja na Jaji Mkuu wa Zanzibar na wajumbe 7 wa kuteuliwa na Spika. Na kumwondoa hutaka theluthi mbili. Tena ibara ya 46 yamkinga Rais asishtakiwe kwa jinai akiwa kitini, na hata akishaondoka kwa yale aliyoyafanya kama Rais, isipokuwa yule aliyeondolewa kwa njia hiyo ya Bunge. Kwa hiyo mlango wa hukumu ni mmoja, nao umebanwa.

Nani ashike kitasa? Mbunge akifukuzwa chamani hupoteza kiti, na Rais kwa desturi ndiye mwenyekiti wa chama chenye wabunge wengi. Jaji Mkuu ameteuliwa na Rais. Tangu 1992 hajaondolewa Rais hata mmoja kwa ibara hii. Waweza kusema hapakuwa na haja. Haya. Lakini mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, alipoacha vyeo vyake Januari 1984, hayakuwa mashauri ya Baraza la Wawakilishi. Yalikuwa ya kikao cha chama, Dodoma. Marekani mwaka 1974 Nixon alijiuzulu kabla Bunge halijapiga kura, maana alikwisha kuona kwamba hata watu wa chama chake hawatamkinga. Tofauti ni hapo, katika watu wa chama chake.

Sayyidna Abubakar alipopewa ukhalifa aliwataka watu wamnyoshe akipotoka. Aliyaomba mwenyewe yale ambayo Wasambaa walimwambia mfalme wao. Na Mzee Mwinyi huyo huyo, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa ajili ya watu waliofia mikononi mwa polisi huko Shinyanga, ambao yeye hakuwagusa kwa mkono wake. Hakungoja theluthi mbili.

Mwenye nakala ya 1962 asiifungie kabatini, awaazime vijana. Na kijana atakayekipata asianzie kwa Mbegha na nguruwe. Aanzie pale Kimweri afapo, asome mpaka Kiva, kisha ndipo arudi mwanzo.