Mzigo wa Lenzi

Waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama begani mwa mtu mwingine huuona mkubwa lakini mwepesi, kwa sababu si wewe unayeubeba. Huukumbuka msemo huu kila nisomapo vitabu vya kufundishia upigaji picha, na kila nisikiapo watu wakisifu picha ya simba iliyotundikwa katika ukumbi wa hoteli. Tunasifu rangi, tunasifu mwanga, tunasifu uvumilivu wa aliyeipiga. Uzito wa kitu alichokishika hatuutaji kabisa. Katika kurasa hizi chache nataka kuutaja, kwa kuwa naamini uzito huo haukai begani tu. Huingia ndani ya picha yenyewe, na mhakiki asiyeuona huacha kueleza sehemu kubwa ya kile anachokitazama.

Mimi si mpiga picha mashuhuri. Kwa miaka mingi nimepata riziki yangu kwa kupiga picha za harusi, kipaimara na mahafali mjini Arusha, na mara mojamoja nimefuatana na wageni kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Nimekwisha kupita umri wa miaka hamsini, na bega langu la kulia limeanza kunidai. Kwa hiyo suala hili kwangu si la nadharia. Ni suala la kama nitaendelea na kazi hii au la, na kama nitaendelea, nitapiga picha za namna gani.

Tuanze na mizani. Lenzi ndogo ya Canon ya milimita 50, yenye nambari f/1.8, iliyotoka mwaka 1990, ina uzito wa gramu 130. Lenzi ya kuvuta ya milimita 70 hadi 200, yenye f/2.8 na kitulizo cha mtikisiko, iliyotoka mwaka 2001, ina gramu 1,470, na hapo hujaweka kamera. Lenzi ya milimita 400 yenye f/2.8, ile nyeupe tunayoiona pembeni mwa viwanja vya mpira, ilipotoka mwaka 1999 ikiwa na kitulizo hicho ilikuwa na kilo 5.37. Huo ni uzito wa mtoto wa miezi miwili. Tofauti ni kwamba mama humfunga mtoto mgongoni kwa kanga na mikono yake ikabaki huru, bali mpiga picha anatakiwa kumshika mtoto huyu mbele ya uso wake, kwa saa nyingi, bila kutikisika.

Uzito huu si uzembe wa watengenezaji. Nambari ya f hupatikana kwa kugawa urefu wa lenzi kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Ukitaka f/2.8 katika lenzi ya milimita 400, gawanya 400 kwa 2.8, utapata milimita 143 hivi. Kioo cha mbele hakina budi kuwa na upana wa kisosi cha chai, na nyuma yake viko vioo vingine kadhaa vilivyopangwa. Hakuna ujanja wa kuikwepa hesabu hii. Kilichowezekana ni kupunguza unene, kutumia madini mepesi, na kusogeza baadhi ya vioo nyuma, karibu na kamera, mahali ambapo vinatosha kuwa vidogo. Kwa njia hizo lenzi hiyohiyo ilishuka hadi kilo 3.85 katika toleo lililotangazwa mwaka 2010, na kilo 2.84 katika toleo la mwaka 2018. Lakini bei ya toleo hilo la mwisho ingeweza kumnunulia mtu gari lililokwisha kutumika. Wepesi nao una mzigo wake, na mzigo huo huangukia mfukoni.

Sasa wapiga picha hufanyaje? Nionavyo mimi, wanazo njia tatu: kuuegemeza mzigo, kumpa mwingine, au kuuacha nyumbani. Kila njia huacha alama yake katika picha.

Njia ya kwanza ndiyo inayotawala mbugani. Lenzi hulazwa juu ya mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage, nao mfuko huwekwa dirishani mwa gari au juu ya ukingo wa paa lililofunguliwa. Ni njia nzuri. Bega hupumzika na picha hutoka kali. Lakini tangu hapo gari ndilo linaloamua mahali pa kusimama. Kanuni za hifadhi haziruhusu mgeni kushuka ovyo wala gari kuacha barabara kumfuata mnyama, nazo ni kanuni za haki. Hivyo simba yuko mita 30 kutoka barabarani, na lenzi ndefu ndiyo inayomfikia. Kwa umbali huo, lenzi ya milimita 400 katika kamera ya filamu ya milimita 35, au ya dijitali yenye kipimo hicho, huona upana wa mita 2.7 tu. Ya milimita 50 ingeona zaidi ya mita 21. Yaani tumempata simba, lakini tumeipoteza Serengeti. Miamba, mti wa mgunga, mvua inayokuja kutoka upande wa ziwa, vyote vimebaki nje, na kile kidogo kilichobaki nyuma ya mnyama kimeyeyuka kuwa rangi ya uji.

Lazima nitoe haki yake kwa lenzi ndefu. Mtu aliyesimama garini yu juu kuliko simba, na akimpiga picha kutoka karibu atamtazama kama mtu anayechungulia kisimani. Akiwa mbali, pembe hiyo hupungua na mnyama huonekana kama yuko sawa na macho yetu. Aidha, mnyama hasumbuliwi. Lakini nimetazama picha za namna hii kwa maelfu, katika kalenda, katika vipeperushi vya utalii na katika vitabu vya bei kubwa, na nasema bila kusita kwamba nyingi ni picha moja. Uso umejaa ukurasa, manyoya yanahesabika, jicho linang'aa, na hujui kama mnyama huyo yuko Serengeti, yuko Kruger au yuko katika bustani ya wanyama Ulaya. Kosa si la jicho la mpiga picha. Ni uzito uliomketisha mahali pamoja, na mahali pamoja hutoa picha moja.

Kwa ajili hiyo nadhani kazi ya Mwingereza Nick Brandt inastahili kutazamwa kwa makini. Kitabu chake cha kwanza, On This Earth, kilitoka mwaka 2005. Tembo, simba na twiga wake wa Afrika Mashariki aliwapiga kwa kamera ya filamu ya Pentax 67, bila kutumia lenzi ndefu. Tazama picha yake ya tembo anywaye maji, aliyoipiga Amboseli mwaka 2007. Dume kubwa limesimama mbele yetu, mkonga umeshuka majini, na kuna nafasi ya kutosha kumzunguka hata tukajua kwamba ana mahali pake duniani. Picha hiyo inauma zaidi ukijua kwamba tembo huyo aliuawa na majangili mwaka 2009. Katika picha zake nyingine mawingu huchukua nusu ya ukurasa. Ni picha ambazo mtu hawezi kuzipata kutoka mbali, hata angekuwa na kioo cha ukubwa gani.

Hata hivyo, tusimfanye Brandt kuwa mtume wa wepesi. Pentax 67 si kamera ya kutia mfukoni. Ni pande la chuma. Alichokwepa si uzito wenyewe bali umbali. Tena ukaribu wake una wafadhili wasioonekana. Tembo wa Amboseli wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1972, na wengi wao wamezoea magari kuliko tembo wa mahali pengine. Na zipo nyakati ambapo utukufu anaowavika wanyama hao, kwa rangi ya kijivu na ukimya wa makaburini, hunifanya nijiulize watu wa nchi hiyo wamekwenda wapi. Wamasai wanaochunga kando ya maji hayo hawaonekani. Nadhani hata yeye alilihisi pengo hilo, kwa maana katika kitabu chake cha mwaka 2016, Inherit the Dust, watu, majalala na barabara vimeingia katika picha kwa nguvu.

Njia ya pili ni kumpa mwingine mzigo. Zamani wazungu wa safari walikuwa na wapagazi; leo mpiga picha tajiri ana msaidizi, na mwingine ana mtambo. Michael Nichols, alipowapiga simba wa Serengeti kwa ajili ya toleo la National Geographic la Agosti 2013, alitumia pia kigari kidogo kinachoendeshwa kutoka mbali, kamera ikiwa juu yake, karibu na ardhi. Huo ni ufumbuzi wa kweli, maana umebadili mahali pa kusimama na si kupunguza maumivu tu. Lakini ni ufumbuzi wa mtu mwenye gazeti kubwa nyuma yake. Kwetu sisi, msaidizi ni kijana wa mtaani anayebeba begi tangu saa nane mchana hadi saa sita usiku, na jina lake haliandikwi popote. Mzigo haukupungua, umehamia kwenye bega jingine.

Imebaki njia ya tatu, kuuacha nyumbani, na hapa nirudi katika kumbi za harusi, ambako ndiko ninakokujua zaidi. Lenzi nzito ina sababu yake ukumbini. Taa ni hafifu, na f/2.8 hupitisha mwanga mara mbili ya f/4. Wakati wa filamu, tofauti hiyo ilikuwa ndiyo tofauti ya kupata picha na kukosa. Kamera za dijitali za miaka ya karibuni zimeipunguza sana hoja hiyo, kwa sababu huona vizuri gizani. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye f/4 iliyotoka mwaka 1999 ina gramu 705, yaani chini ya nusu ya ile nzito. Kwa bega langu, hesabu hiyo inatosha.

Lakini picha nazo zina la kusema. Kwa lenzi ndefu nilikuwa nikisimama mbali, karibu na spika, nikiwavua watu kama mvuvi wa mshipi. Mama mmoja wa makamo, shangazi wa bibi harusi, aliniita siku moja akaniambia, "Mwanangu, njoo karibu unisalimu kwanza. Hilo bomba unalonielekezea linanitisha." Nilimwamkia, akaitikia, nikampiga picha kwa lenzi ndogo ya milimita 50 kutoka mahali ambapo ningeweza kumpokea kikombe. Ndiyo picha ambayo familia ile waliiomba ikuzwe. Ndani yake haonekani yeye peke yake. Wapo wajukuu, lipo pambo la ukutani, upo mkono wa dada yake juu ya meza. Lenzi ya gramu 130 haina pa kujificha. Inakulazimisha kusalimu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya mtu anayezeeka, na kwamba mpiga picha wa kweli hubeba. Hoja hii naijibu kwa mfano wa Mohamed Amin wa Nairobi. Picha zake za televisheni kutoka Korem, Ethiopia, mwaka 1984, ndizo zilizoiamsha dunia kuhusu njaa ile. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia, akaendelea hadi kifo chake katika ajali ya ndege iliyotekwa, Novemba 1996, karibu na Komoro. Watu huutumia mfano huu kutuaibisha sisi tunaolalamikia mabega. Mimi nausoma vingine. Amin hakurudi ili athibitishe kwamba anaweza kubeba. Alirudi ili asimame tena karibu na watu aliokuwa akiwapiga picha, na chombo kikatafutiwa njia ya kumfikisha hapo. Kwake, mahali pa kusimama palitangulia, na mzigo ukafuata. Kwa wengi wetu mzigo hutangulia, kisha sisi husimama popote utakapoturuhusu.

Basi hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa yeyote anayehukumu picha, awe mhakiki, mnunuzi au jirani aliyepita kutazama albamu. Kabla ya kuuliza ni lenzi gani iliyotumika, uliza aliyeipiga alikuwa amesimama wapi, na kwa nini hapo. Kama jibu ni kwamba hapo ndipo palipoonyesha kitu kama kilivyo, basi kilo zake zilikuwa halali, hata zingekuwa tano. Kwa upande wangu, lenzi nzito sasa naiazima kwa siku ile kazi inapoidai kweli, kama vile mechi ya jioni au ibada ambayo mtu haruhusiwi kusogea. Siku nyingine zote huondoka na mbili nyepesi, na bega langu hufika nyumbani likiwa bado na nguvu ya kumbeba mjukuu.